Jua Haki Zako: Ulichoandika kundini, nani wa kukuzuia kukihamisha?

"Mama Vifaranga, hizo posti ni mali ya kundi. Ukiendelea kuzihamisha bila idhini yetu tutakutana kwa wakili."

Ujumbe huo ulimfikia msomaji wangu mmoja wa Kakamega saa tatu usiku, naye akanirushia kama ulivyo, akiongeza maneno matatu tu: "Ni kweli haya?"

Kwa miaka sita mama huyu amekuwa akijibu maswali ya wafugaji wa kuku katika kundi la Facebook lenye maelfu ya wanachama. Si daktari wa mifugo. Ni mfugaji aliyefukia kuku wengi hadi akajua kinachowaua, na majibu yake ni marefu, yana vipimo, yana saa, na mara nyingi huanza na kosa alilolifanya mwenyewe. Mwaka huu mwanawe alimfungulia tovuti, akaanza kuhamishia humo majibu yale moja baada ya jingine, ili anayetafuta ayapate bila kupekua posti za miaka sita. Alikuwa amefika la kumi na nne pale admini aliposhtuka.

Nilimjibu usiku uleule: si kweli, endelea. Kulipokucha nikafungua posti zenyewe, nikaona nimeharakisha. Admini alikosea kuhusu maneno ya mama. Lakini ndani ya posti zile hamkuwa na maneno ya mama peke yake.

Mali ni ya nani

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimtaki mwandishi apige foleni popote. Ukiandika jambo kwa juhudi inayolipa sura yake lenyewe, na likakaa mahali linapoweza kusomwa tena, iwe ni daftarini au kwenye simu, hakimiliki ni yako tangu dakika hiyo. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi, na cheti chake ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, ila marekebisho ya 2019 yalitamka wazi kwamba kutosajili hakumpotezei mtu haki. Haki yenyewe hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Wajukuu wa Mama Vifaranga wanaweza kuja kuidai.

Neno "juhudi" lina kazi yake hapo. "Pole dada, jaribu kitunguu saumu" ni ushauri, lakini sidhani kuna hakimu atakayeuita kazi ya kiandishi. Jibu la aya nane kuhusu jinsi ya kupanga taa na maji katika banda la vifaranga ni kitu kingine. Na hata hapo, kinacholindwa ni namna ulivyolieleza jambo. Kwamba Newcastle, ugonjwa ambao jirani zetu Tanzania huuita kideri au mdondo, huzuiwa kwa chanjo, hilo si mali ya mtu yeyote. Mwenzako akilisoma kwako akalieleza upya kwa maneno yake, hajakuibia.

Je, mama aliipoteza mali hiyo alipoiweka kwenye kundi la mtu? Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinasema kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya kipekee, hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa saini na mwenyewe au kwa niaba yake. Tangazo ambalo admini amelibandika juu ya kundi, "posti zote ni mali yetu," kwa maoni yangu halifiki hata karibu na hapo. Admini ni mlinda lango. Anaweza kufuta posti, anaweza kukutoa, anaweza kukuzuia usirudi tena, na mahakama haitamlazimisha akupende. Ila ufunguo wa lango haumpi hati ya shamba.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukisahau. Kama uliyaandika majibu yale kazini, kwa mfano wewe ni afisa wa kampuni ya kuuza chakula cha kuku na kujibu wateja mtandaoni ni sehemu ya ajira yako, basi chini ya kifungu cha 31 hakimiliki huenda kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyekuagiza kazi na kukulipa. Nimeona vijana wanaosimamia kurasa za makampuni wakiacha kazi na kuondoka na maandishi yote ya ukurasa, wakiamini kwamba aliyeandika ndiye mwenye mali. Hapo sivyo.

Njia ya kupita shambani

"Lakini nilibonyeza Nakubali," utasema. Ulibonyeza, na tuone ulikubali nini.

Masharti ya Facebook yanasema wewe ndiye mwenye hakimiliki ya unachokiandika, na kwamba uko huru kukishiriki na yeyote, popote upendapo. Unachowapa ni leseni: ya dunia nzima, isiyo na malipo, ambayo wanaweza kuipokeza kwa wengine, na isiyo ya kipekee. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo ya kutafuta kila unaposoma masharti ya mtandao wowote. Fikiria umemruhusu jirani akatize shambani mwako akienda kisimani. Hajawa mwenye shamba, nawe hujazuiwa kutembea humo au kumruhusu jirani wa pili. Lakini ukimpa njia ya kipekee, basi hata wewe utazunguka kwa nje. Mitandao mikubwa karibu yote huomba njia ya kawaida. Wanaoomba ya kipekee ni magazeti, wachapishaji na baadhi ya tovuti zinazolipa waandishi, na ukishawatilia saini hao, kuirudia makala yako kwingine bila kuwauliza ni kuvunja mkataba hata kama jina juu yake ni lako.

Tofauti iko kwenye muda ambao njia hubaki wazi. Kwa Facebook, leseni huisha maudhui yanapofutwa kwenye mifumo yao. Reddit imeandika kwamba leseni yake ni ya milele na haibatilishwi. Stack Overflow, ambako wanaprogramu wa dunia nzima huulizana maswali, huweka majibu yote chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuyatumia mradi ataje mwandishi, na akiyarekebisha ayatoe kwa masharti yaleyale. Mei 2024 kampuni hiyo ilipotangaza ushirikiano na OpenAI, baadhi ya waandishi walikasirika wakaanza kufuta au kuharibu majibu yao wenyewe. Majibu yalirudishwa na akaunti zao zikasimamishwa kwa muda. Walikuwa na haki ya kuyapeleka majibu yale kokote, hata kuyauza. Haki ya kuyaondoa walikuwa wameshaitoa.

Ndiyo maana neno letu "kuhamisha" linanitatiza kidogo katika habari hii. Mtu akihama nyumba huacha kuta tupu. Maandishi hayahami, huzaa pacha, na pacha wa kwanza hubaki alipo akiendelea kumfanyia kazi mwenye nyumba.

Kuhusu pacha huyo na fedha anazoleta, hakuna aliyejifunza kwa uchungu kama Mmarekani Jonathan Tasini. Yeye na waandishi wenzake wa kujitegemea walilishtaki New York Times kwa kuziingiza makala zao kwenye hifadhidata za kielektroniki bila kuwauliza, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2: ruhusa ya kuchapa gazetini haikuwa ruhusa ya kuuza kwenye kompyuta. Miaka kumi baadaye AOL iliinunua Huffington Post kwa dola milioni 315. Tasini, aliyekuwa ameandika humo bure pamoja na maelfu ya wengine, akarudi mahakamani akidai dola milioni 105 kwa niaba yao. Machi 2012 jaji aliitupa kesi. Waliandika wakijua hawatalipwa, akasema, na thamani iliyokuja baadaye haibadilishi makubaliano. Mtu ni yuleyule, kalamu ileile, na matokeo mawili tofauti kwa sababu ya kile alichokubali mwanzoni. Kwa hiyo usisubiri mgawo kutoka kundini. Chukua nakala yako ukaifanyie kazi mwenyewe.

Yasiyo yako ndani ya posti yako

Sasa turudi Kakamega, mahali nilipoharakisha.

Posti ya tatu kwenye tovuti mpya ya mama ilianza na swali la mfugaji wa Siaya, neno kwa neno, na jina lake. Swali lile lina aya mbili, na hakimiliki yake ni ya aliyeuliza. Alipoliweka kundini aliipa Facebook leseni, wala hakumpa mama. Dawa ni rahisi: lieleze swali kwa maneno yako. "Mfugaji mmoja aliona kuku wake wakipinda shingo" inatosha, na msomaji hapotezi kitu.

Chini ya swali palikuwa na picha. Kuku mfu ameshikwa miguu na mvulana aliyevaa sare ya shule, nembo inasomeka. Hapo sheria mbili zinakutana. Picha ni ya aliyepiga. Sura ya mtoto ni data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba wewe ulikuwa unazungumzia kuku. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake. Nilimwambia mama aitoe picha ile kabla hajamaliza chai, akaitoa.

Hali ni nyeti zaidi ukitoka kwenye kuku. Kuna makundi ya wajane, ya wanaoishi na virusi, ya wanawake waliopoteza mimba. Humo hata maneno yako mwenyewe yanaweza kumfichua mwenzako. "Kama nilivyomwambia dada wa Kisauni aliyeachwa na mume baada ya kupimwa" ni sentensi yako, umeiandika wewe, na ukiipeleka nje umempeleka yeye. Kanuni ya kundi inayosema ya humu yabaki humu haihamishi hakimiliki, lakini ni ahadi ya siri uliyoipokea wakati unaingia, na Katiba katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu. Kabla ya kuposti, soma maneno yako kana kwamba wewe ndiye yule dada.

Wikipedia ni aina nyingine kabisa. Aya ulizoziandika wewe ni zako na unaweza kuziweka kwenye tovuti yako bila kumtaja yeyote. Lakini makala kama inavyosomeka leo, baada ya watu kumi kuongeza, kupunguza na kusahihisha tahajia, ni ya wote. Ukiinakili hiyo, weka kiungo cha makala ili waandishi watambulike na uitoe kwa leseni ileile. Kama hukumbuki ipi ni ipi, kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha kila badiliko, tarehe na aliyelifanya.

Kule unakopeleka nako kuna masharti. Karibu kila tovuti itakutaka uthibitishe kwamba kazi ni yako, na kwamba mtu akilalamika mzigo ni wako. Mhariri wa gazeti akiuliza kama makala imewahi kutoka kwingine, mwambie ukweli. Kwake neno "kundi la Facebook" linaweza kuhesabika kuwa kuchapishwa au lisihesabike, na ni yeye wa kuamua. Mstari mmoja chini ya posti mpya, "niliandika haya kwanza mwezi fulani mwaka fulani mahali fulani", hautakiwi na sheria yoyote ninayoijua. Mimi huuweka kila mara, kwa sababu siku mtu akidai umemwibia, mstari huo na tarehe yake vitazungumza kabla ya wakili.

Wakikushtaki, na kabla hawajakushtaki

Admini mwenye hasira mara nyingi haendi mahakamani. Huandikia kampuni inayohifadhi tovuti yako, akidai umeiba. Kama kampuni iko Kenya, marekebisho ya 2019 yanamtaka alete ilani ya maandishi yenye majina yake kamili, anwani, maelezo ya kazi anayoidai na hati ya kiapo kwamba ni yake. Ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria kampuni itaizuia kazi hiyo, isipokuwa wewe utoe ilani ya kupinga. Anayepeleka ilani ya uongo au ya chuki anafanya kosa la jinai, na wengi hupoa wakisikia sehemu hiyo. Kama kampuni ni ya Marekani, sheria yao ya 1998 ina mlango unaofanana: ukipinga kwa maandishi, wanapaswa kuirudisha kazi yako kati ya siku 10 na 14 za kazi, ila kama mlalamikaji amefungua kesi. Usilie, usitukane. Jibu kwa karatasi.

Na karatasi hiyo uwe nayo mapema. Miaka iliyopita nilikuwa nikijibu maswali ya mashamba kwenye tovuti moja ya hapa nchini ambayo sitaitaja. Nilikuwa nikiandika humo moja kwa moja, usiku, bila kuhifadhi chochote. Asubuhi moja nikaifungua nikakuta ukurasa mweupe, na mpaka leo sijui waliokuwa wakiiendesha walikwenda wapi. Majibu zaidi ya mia mbili, haki zote mkononi mwangu na hakuna hata neno moja la kuzitumia. Hata wakubwa hufunga. Google+ ilizimwa Aprili 2019. Yahoo Answers ilifungwa tarehe 4 Mei 2021, na watumiaji walipewa hadi 30 Juni kuomba nakala za waliyoyaandika. Nakala hizo zilikuja na maandishi yako tu, bila maswali wala majibu ya wengine. Watu walilalamika, lakini ukifikiri, Yahoo waliichora mipaka ya hakimiliki vizuri kuliko mawakili wengi.

Facebook ina sehemu kwenye mipangilio ya kupakua nakala ya taarifa zako, nayo huja ikiwa na tarehe. Fanya hivyo kabla ya kugombana na admini, maana akishakutoa kundini huenda usizione tena posti zako. Pale mtandao unapokataa, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kupata data yako binafsi katika muundo unaosomeka na kompyuta, na malalamiko huenda kwa Kamishna.

Kwa wasomaji wa Tanzania Bara, sheria yenu ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ofisi ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na COSOZA. Msingi ni uleule: haki huzaliwa na kazi, na hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Berne tangu miaka ya tisini, hivyo kuvuka Namanga hakuyafanyi maneno yako kuwa ya bure. Kuhusu picha na data za watu, mnayo sheria ya 2022 na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mama Vifaranga alimjibu admini kwa mistari miwili niliyomsaidia kuiandika: maneno ni yangu, sijatoa leseni ya kipekee kwa mtu yeyote, ukiwa na hati iliyotiwa saini na mimi nitumie. Hajajibiwa. Hajatolewa kundini pia, labda kwa sababu ndiye anayejibu maswali.

Ila posti yake inayopendwa kuliko zote, ile ya kuchanja kuku kwa maji ya kunywa, ilimletea shida ambayo admini hakuiona. Aliipitia mstari kwa mstari kama nilivyomwomba, akafika penye sentensi tatu zinazosema maji ya mfereji yasitumike kwa kuwa klorini huua chanjo. Akakumbuka hakuziandika yeye. Mzee mmoja, afisa wa mifugo aliyestaafu, alimsahihisha kwenye maoni mwaka wa pili wa kundi, naye akazinakili zilivyo akazichomeka katika jibu lake. Akamtafuta mzee kwa ujumbe, akaomba ruhusa, akauliza na jina lake aliweke vipi.

Jibu lilikuja siku ya pili. "Weka tu. Jina langu acha. Ila ongeza kwamba maziwa ya unga yasiyo na mafuta huondoa hiyo klorini, niliandika na wewe hukunakili."